Barafu ya Mlima Kenya Inakwisha: Je, Maji ya Mito Yetu Yatatoka Wapi?

Wazee wa Nyeri, Embu, Meru na Nanyuki hawana haja ya kuambiwa na mtaalamu kuwa barafu ya juu ya Mlima Kenya imepungua. Wameona kwa macho yao wenyewe. Pale ambapo zamani, asubuhi kabla ya mawingu kupanda, walizoea kuona weupe mkubwa, leo huona mwamba mweusi na vipande vichache vya barafu vilivyojificha katika mabonde ya kilele. Kwa hiyo hapana ubishi kuwa jambo hili limetokea. Lakini watu wengi huuliza maswali mawili: la kwanza, ni kitu gani kilichoyeyusha barafu hiyo, na la pili, barafu ikiisha, je, mto Tana na mto Ewaso Ng'iro itakauka? Maswali yote mawili yana majibu, na jibu la swali la pili si lile ambalo wengi hulitazamia.

Tuanze na barafu yenyewe. Tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Mjerumani jina lake Johann Ludwig Krapf, akiwa Kitui katika nchi ya Wakamba, aliuona mlima huu kwa mbali, na juu yake kitu cheupe. Kivoi, mkuu wa Wakamba aliyekuwa mwenyeji wake, alikuwa amekwisha kumsimulia habari za mlima huo. Lakini habari zilipofika Ulaya, baadhi ya mabingwa wa jiografia walizikataa, wakisema theluji haiwezi kukaa chini ya jua la Ikweta. Miaka hamsini baadaye, mwaka 1899, Mwingereza Halford Mackinder alifika kwenye kilele cha Batian, chenye urefu wa mita 5,199, na tangu wakati huo mlima umepimwa mara kwa mara. Siku zile palikuwa na mito ya barafu 18, yaani barafu iliyorundikana miaka na miaka hata ikawa inateremka polepole sana kwa uzito wake yenyewe. Mingi ya mito hiyo imekwisha kutoweka kabisa. Barafu yote ya mlima, ambayo mwaka 1899 ilienea yapata kilometa moja na nusu za mraba, ilikuwa imebaki chini ya theluthi moja ya kilometa moja ya mraba kufika mwaka 2004. Mto wa barafu ulio mkubwa kuliko yote, uitwao Lewis, ulipoteza sehemu tisa katika kila kumi za ujazo wake kati ya mwaka 1934 na mwaka 2010.

Jirani yetu Kilimanjaro hana nafuu. Kati ya mwaka 1912 na mwaka 2007 ulipoteza sehemu 85 katika kila mia za eneo la barafu yake. Mwaka 2022 shirika la UNESCO lilitangaza kuwa barafu ya milima hii miwili huenda ikaisha kabisa kabla ya mwaka 2050. Mtoto anayeanza shule leo atakuwa bado kijana wakati huo.

Sasa twende kwenye sababu. Mkulima wa chai wa Kericho au wa viazi wa Kinangop anajua jambo moja litakalotusaidia kufahamu. Usiku wa mawingu haogopi jalidi. Anauogopa usiku mkavu wenye nyota nyingi, mbingu zikiwa wazi. Kwa nini? Mchana ardhi hupokea joto la jua, na usiku hulitoa liende zake juu. Mawingu yakiwapo, huzuia sehemu ya joto hilo na kulirudisha chini, kama blanketi limzuiavyo mtu kupoteza joto la mwili wake. Yasipokuwapo, joto hukimbia, umande huganda juu ya majani, na asubuhi shamba limekuwa kama lililopitiwa na moto.

Katika hewa iliyotuzunguka imo gesi inayofanya kazi ya namna hiyo hiyo, ila yenyewe haionekani kwa macho, wala haiondoki kukipambazuka. Nayo ni kaboni dioksaidi, ambayo kwa Kiswahili huitwa hewa ukaa. Si kitu kigeni. Ndiyo tunayoitoa puani tunapopumua, na ndiyo miti huivuta kwa majani yake ikajijengea mbao. Wala si adui kwa asili yake, maana bila gesi za aina hii dunia ingalikuwa na baridi ya kugandisha, na sisi tusingalikuwapo. Ubaya wake huja inapozidi, kama vile mtu aliyefunikwa blanketi moja akapata usingizi mwema, kisha akaongezwa la pili na la tatu katikati ya usiku wa Mombasa.

Nayo imezidi. Makaa ya mawe na mafuta ya petroli ni mabaki ya miti na viumbe vilivyokufa zamani sana, vikazikwa ardhini pamoja na ukaa wao kwa mamilioni ya miaka. Tangu viwanda vilipoanza Ulaya katika karne ya 18, watu wamekuwa wakiyachimbua mabaki hayo na kuyachoma ili kuendesha mitambo, meli, magari moshi, motokaa na ndege. Hivyo katika muda wa miaka mia mbili na ushei wamerudisha hewani ukaa uliochukua mamilioni ya miaka kuzikwa. Ukataji na uchomaji wa misitu umeongeza sehemu yake. Kabla ya viwanda, katika kila sehemu milioni za hewa, sehemu 280 hivi zilikuwa hewa ukaa. Hayo yajulikana kwa kupima mapovu ya hewa ya kale yaliyonaswa ndani ya barafu ya ncha ya kusini ya dunia. Mwaka 1958 Mmarekani Charles David Keeling alipoanza kuipima juu ya mlima Mauna Loa katika visiwa vya Hawaii, ilikuwa imefika 315 hivi. Mwaka 2024 ilizidi 420. Kenya nayo ilipata kituo cha kuipima hewa mwaka 1999, tena kwenye ubavu wa Mlima Kenya wenyewe, zaidi ya mita 3,600 juu ya usawa wa bahari, mbali na moshi wa miji.

Wako watu wasemao kuwa haya ni uzushi wa siku hizi. Sivyo. John Tyndall alionyesha kwa majaribio huko London mwaka 1859 kwamba gesi hii huzuia joto; na Svante Arrhenius, bingwa wa Uswidi, alikwisha kupiga hesabu mwaka 1896 kuwa ikiongezeka dunia itapata joto zaidi. Wengine husema ni jua lililozidi ukali. Hilo ni swali la haki, nalo limechunguzwa. Kama jua ndilo lingekuwa sababu, hewa ya juu sana, kilometa nyingi kupita mahali ndege zinaporuka, ingepata joto pamoja na hewa ya chini. Lakini vipimo vyaonyesha kuwa hewa ya chini imepata joto hali ile ya juu imepoa. Hivyo ndivyo inavyokuwa joto linapozuiwa chini. Mwaka 2024 ulikuwa mwaka wa joto kuliko yote iliyowahi kupimwa, nao ulizidi wastani wa nyakati za kabla ya viwanda kwa digrii moja na nusu hivi za Selsiasi.

Yafaa tuseme ukweli wote. Barafu ya Afrika Mashariki ilianza kurudi nyuma mwishoni mwa karne ya 19, na wataalamu huona kuwa wakati ule sababu kubwa ilikuwa hewa iliyozidi ukavu, mawingu na theluji vikapungua. Barafu huishi kwa theluji mpya, kama ng'ombe aishivyo kwa majani. Lakini hapo barafu ilikuwa imedhoofika, na joto la miaka hii ya karibuni limeijia ikiwa haina nguvu ya kusimama tena.

Je, ni nani aliyeleta joto hilo? Hapa pana jambo ambalo mwananchi ana haki ya kulijua. Sehemu ya Kenya katika gesi hizi za dunia nzima ni ndogo mno. Umeme wetu mwingi hutoka katika mvuke wa ardhini huko Olkaria, katika maji ya mito na katika upepo wa Turkana. Na mpango wa kujenga mtambo wa makaa ya mawe Lamu ulizuiwa na baraza la mazingira mwaka 2019, baada ya wenyeji kushtaki. Mchoma makaa wa Narok akiacha kazi yake kesho, barafu ya Lewis haitapona. Iliyeyushwa kwa sehemu kubwa na moshi wa watu walio mbali, wengi wao wasioujua hata mlima wenyewe. Ndiyo maana katika mkutano wa Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2022, mataifa yalikubaliana kuanzisha mfuko wa kuyasaidia mataifa maskini yaliyopata hasara, na ndiyo maana mwaka 2023 viongozi wa Afrika walikutana Nairobi kudai haki hiyo. Mpaka sasa ahadi ni nyingi kuliko fedha.

Basi, ikiwa ni hivyo, kwa nini tujisumbue? Hapo ndipo linapokuja swali la pili, la mito.

Watu wengi hudhani kuwa mito ya Mlima Kenya hutokana na barafu. Ni rahisi kudhani hivyo, kwa kuwa barafu iko juu na mito hushuka kutoka huko huko. Lakini hebu tulinganishe. Barafu iliyobaki haitoshi kulifunika hata shamba moja kubwa la ngano. Msitu ulio chini yake, unaouzunguka mlima kama ukanda, una hekta 200,000 hivi. Maji ya barafu ni sehemu ndogo mno ya maji ya mito yetu. Maji hutoka katika mvua, na anayeitunza mvua hiyo ni msitu.

Kazi yake ni hii. Tone la mvua linapoanguka juu ya ardhi iliyo uchi, huipiga kama nyundo, hutimua udongo na kuziba vitundu vyake. Maji yakikosa pa kuingia hukimbia juu juu, yakauchukua udongo. Lakini msituni tone hupokewa kwanza na majani, likashuka polepole hadi kwenye zulia la majani yaliyooza, na kutoka hapo likafuata njia za mizizi na mashimo ya wadudu hadi chini kabisa. Huko maji hukaa na kusafiri kidogo kidogo, majuma na miezi, yakatokea katika chemchemi wakati mvua ilikwisha kusahauliwa. Tena, katika misitu ya juu na mianzi, hata ukungu usioitwa mvua hushikwa na majani ukadondoka. Kwa hiyo mto unaotiririka mwezi wa Februari, jua likiwaka, unatumia akiba ya Novemba. Aufyekaye msitu hajaipunguza mvua ya mwaka ule, ameivunja ghala.

Jambo hili si la watu wa shamba peke yao. Mkaaji wa Nairobi anayefungua mfereji asubuhi, maji yake mengi yametoka katika misitu ya Aberdare, kwa njia ya mabwawa kama Ndakaini. Na taa anazowasha jioni zatokana kwa sehemu na mabwawa ya mto Tana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mwaka 2000, mvua ziliposhindwa na mabwawa yakashuka, umeme uligawanywa kwa saa na viwanda vikasimama. Bwawa lenyewe huumia msitu unapokatwa, kwa sababu udongo unaochukuliwa kutoka mashambani huenda kulala chini ya maji, na matope hayo hukaa mahali pa maji.

Mwaka 1999 Mlima Kenya ulichunguzwa kutoka angani. Waliokuwa ndani ya ndege walikuta mikarafuu-maiti na mizeituni-mwitu iliyoanguka, tanuri za makaa na mashamba ya bangi katikati ya msitu ambao kwa mtu aliye barabarani ulionekana mzima. Mwaka uliofuata, ulinzi wa msitu huo ulikabidhiwa Shirika la Wanyama Pori, na hali ikatengenea. Msitu wa Mau haukupata bahati hiyo mapema. Tume iliyotoa ripoti yake mwaka 2009 ilikuta kuwa yapata robo yake ilikuwa imepotea, sehemu kubwa kwa kugawiwa watu kwa hati. Mara na Sondu ni mito inayozaliwa Mau.

Na sasa ghala hilo latakiwa kuliko zamani, maana mvua zenyewe zimebadilika tabia. Hewa yenye joto ni kama mtungi uliokuzwa: kwa kila digrii moja inayoongezeka huweza kubeba maji zaidi, kiasi cha sehemu 7 katika mia. Mtungi mkubwa huchota zaidi kutoka katika udongo, mito na majani, na siku ya kumwagika humwaga zaidi. Ndiyo sababu ukame na gharika vyaweza kutoka katika chanzo kimoja, jambo linalowashangaza wengi. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa mwaka 2022, misimu mitano ya mvua ilishindwa kwa kufuatana katika nchi za kaskazini na mashariki. Mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa katika Kenya peke yake. Wataalamu waliouchunguza ukame huo walikuta kuwa, kwa joto la zamani, upungufu ule ule wa mvua usingaliifikisha nchi kwenye ukame wa namna ile. Joto ndilo lililoikausha ardhi hata kidogo kilichonyesha kisifae. Kisha, mwishoni mwa mwaka 2023, mafuriko yaliwafuata watu wale wale, na mwezi wa Aprili 2024 maji yaliporomoka usiku huko Mai Mahiu yakachukua nyumba na watu waliolala.

Mtu atasema: haya yote ni makubwa, nami nina ekari mbili na jembe. Basi atazame Machakos. Katika miaka ya 1930 wilaya ile ilikuwa ikitajwa kuwa nchi inayokufa. Vilima vilikuwa vimebaki mwamba, na mvua ikinyesha mito ilishuka na mchanga. Serikali ya wakati ule ilitumia amri. Mwaka 1938 ng'ombe wa Wakamba walichukuliwa kwa nguvu wapunguzwe, na maelfu ya watu, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walitembea mpaka Nairobi kupinga. Kule Murang'a, mwaka 1947, wanawake walikataa kuchimba matuta waliyolazimishwa. Hawakuwa wajinga; mtu hachimbi kwa moyo kazi asiyoona faida yake, juu ya ardhi asiyojua kama itabaki kuwa yake. Baadaye, amri zilipokwisha na mazao yakapata bei, Wakamba wale wale walichimba matuta wenyewe kwa vyama vyao vya mwethya, tena mengi kuliko yale ya amri. Kufika mwaka 1990 idadi ya watu wa Machakos ilikuwa imezidi mara tano ile ya miaka ya 1930, na mmomonyoko ulikuwa umepungua, na miti ilikuwa imeongezeka. Wageni wengi walikwenda kustaajabu. Walikuwa wamezoea kusikia kuwa watu wengi maana yake ni ardhi mbovu.

Tuta lililowafaa zaidi huitwa fanya juu, jina ambalo limetoka katika Kiswahili chetu likaingia katika vitabu vya dunia nzima. Kwanza pima usawa wa mlima kwa fimbo mbili za urefu mmoja, kamba na pimamaji, ili tuta lisipande wala kushuka. Chimba mtaro wa upana wa sentimeta 60 na kina kama hicho, na udongo wake utupe upande wa juu, si wa chini. Tupa la chini ni jepesi kwa mgongo, lakini mvua ya kwanza hulirudisha mtaroni. Juu ya ule ukingo panda majani ya ng'ombe, matete kwa mfano, mara mvua inapoanza, ili mizizi iushike. Baada ya miaka michache shamba litajisawazisha lenyewe kati ya tuta na tuta.

Kuhusu miti, neno moja la kuonya. Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitoa siku ya mapumziko ili wananchi wapande miti, na nia iliyotangazwa ni kufikia miti bilioni 15 kabla ya mwaka 2032. Ni vizuri. Lakini kupanda ni kazi ya asubuhi moja, na kutunza ni kazi ya misimu mitatu au minne. Mche uliopigwa picha kisha ukaachiwa mbuzi si mti. Wala si kila mti unafaa kila mahali. Mikaratusi hukua upesi na hufaa kwa nguzo na kuni, lakini hunywa maji mengi mno. Ndiyo maana mwaka 2009 iliagizwa ing'olewe kandokando ya mito na chemchemi. Mahali pa maji panda miti ya kienyeji, kama vile mikuyu na mianzi, na usilime hadi ukingoni.

Aliye mjini naye ana nafasi yake. Jiko la bati lililotiwa udongo ndani hutumia makaa machache sana kuliko jiko la bati tupu, nalo hujilipa kwa muda mfupi kwa fedha ambazo zingenunua makaa. Aliye karibu na msitu wa serikali aweza kuingia katika chama cha jamii cha msitu, kinachotambuliwa na sheria tangu ile ya mwaka 2005, akapata ruhusa ya kuokota kuni zilizoanguka, kuweka mizinga na kukata majani, naye akawa mlinzi. Miche huuzwa katika vitalu vya misitu. Ni vema kuitafuta mwezi wa Februari au mapema Machi, mashimo yakiwa yamekwisha kuchimbwa, maana mvua ya masika ikikwisha kuanza, vitalu huwa na watu wengi na miche iliyo mizuri huwa imekwisha kuchukuliwa.